Je, Anayemeza Tembe Anaweza Kuhubiri Tumaini?

Maandiko ya wiki: Marko 2:1–12, Zaburi 88



Wiki tatu zilizopita, baada ya mkutano wa wanaume, mzee mmoja ninayemheshimu sana alinivuta kando pale kwenye tangi la maji. Alikuwa amesikia kwamba mimi humeza tembe za ugonjwa wa akili. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Aliniuliza hivi: "Pasta, hebu nisaidie nielewe. Kama Yesu ndiye tumaini lako, hizo tembe ni za nini? Na kama ni tembe ndizo zinakushikilia, mbona unatuhubiria Yesu?"

Nikamwambia, "Mzee wangu, hilo swali halimalizwi tukiwa tumesimama. Nipe muda niliandikie." Amekubali nilijibu hapa mbele ya kanisa zima, bora nisimtaje jina.

Basi nianze kwa kusema wazi jambo ambalo wengine mmelisikia kwa minong'ono. Ninaishi na ugonjwa unaoitwa bipola. Ulinianza nikiwa na miaka 23, mwaka wa mwisho wa chuo, nikisomea biashara. Mchungaji wetu kiongozi alijua tangu siku aliponikaribisha katika kazi hii. Ugonjwa huu una kupanda na kushuka. Ukipanda, usingizi unakwisha, mawazo yanakimbia kama matatu iliyokatika breki, na unajiona unaweza kila kitu. Ukishuka, hata kijiko kinakuwa kizito. Si huzuni ya kufiwa au ya kukosa kazi, ile inayopungua watu wakija kukutembelea. Ni kama mtu amezima stima ndani ya nyumba na wewe huna nguvu ya kutafuta mshumaa.

Nilipopanda mara ya kwanza nilikesha siku 4 nikiomba kwa sauti. Katika kanisa nililokuwa nikishiriki wakati huo watu walifurahi. Kijana amejazwa, walisema, wakanipa maikrofoni. Baada ya wiki chache nikashuka, nikawa siongei, siogi, sili, na watu walewale wakasema nimeingiwa na pepo. Nilipopanda ulikuwa upako, niliposhuka yalikuwa mapepo. Ugonjwa hakuna aliyeutaja isipokuwa mama yangu, ambaye shule yake iliishia darasa la 7. Ndiye aliyenishika mkono tukaenda hospitali.

Msinielewe vibaya. Mimi ni Mpentekoste, na ninaamini mapepo wapo na kwamba jina la Yesu linawatoa. Nimewekea watu mikono katika kanisa hili na nitaendelea kuwawekea. Lakini someni Mathayo 4:24. Pale watu wanaletwa kwa Yesu, na mwandishi anawapanga: wagonjwa wa maradhi mbalimbali, wenye pepo, wenye kifafa, waliopooza. Hakuwatupa wote katika kapu moja. Kama Mathayo, ambaye alikuwa mtoza ushuru na alijua kupanga hesabu, aliweza kutofautisha, na sisi tusione uvivu kutofautisha.

Sasa nije kwa tembe zenyewe. Ninayomeza kila usiku inaitwa lithiamu. Wengine wakisikia dawa ya akili wanafikiri ni kitu cha kulevya. Hii ni chumvi. Inatoka ardhini, kwenye miamba na maji ya chumvichumvi. Mwaka 1949 daktari mmoja wa Australia, John Cade, alichapisha habari kwamba inawatuliza wagonjwa waliopanda, na hadi leo madaktari wanaitumia. Inataka nidhamu. Napimwa damu mara kwa mara, kwa sababu ikizidi ni sumu na ikipungua haisaidii, na figo zangu pia huangaliwa. Haiponyeshi kabisa, inanizuia nisipande sana wala kuanguka sana. Mke wangu naye ni sehemu ya matibabu. Akinikuta saa 9 usiku nikiandika mpango wa kanisa wa miaka 20, hasemi "Amina." Anapigia daktari simu asubuhi.

Hapo ndipo jibu la kwanza kwa mzee wangu lilipo. Swali lake lilichukulia kwamba Yesu na tembe wanagombania kazi moja, kwamba mmoja akiajiriwa mwingine anafutwa. Lakini ile tembe haijawahi kuniambia kwamba dhambi zangu zimesamehewa. Haijaniambia kwa nini niishi, wala ni nani aliyeniita, wala kaburi litafanywa nini siku ya mwisho. Inanirudishia usingizi na kupunguza mwendo wa mawazo. Ni kazi nzuri, lakini ni kazi nyingine. Mfalme Hezekia alipougua, alilia mbele za Bwana na Bwana akamwongezea miaka 15. Kisha Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Ni habari moja, sura moja, Isaya 38. Sioni mahali popote ambapo Hezekia aliambiwa achague kati ya maombi na tini.

Wengi wenu mngeridhika nikiishia hapa. Mimi siridhiki, kwa sababu swali la mzee lina mzizi wa chini zaidi.

Tembe hazizuii kila kitu. Kati ya Aprili na Mei mwaka uliopita nilishuka wiki 6. Katika wiki hizo nilihubiri mara mbili. Nilisimama pale mbele nikawaambia kwamba Mungu ni mwema na kwamba liko tumaini, na kifuani sikuhisi chochote, kama mtu anayesoma bei ya unga kutoka gazeti la jana. Sasa, je, nilikuwa mnafiki? Mtu anaweza kusema "ninalo tumaini" siku ambayo halihisi hata kidogo? Hili nadhani ndilo swali lenyewe, na si la wachungaji pekee. Kuna dada hapa kwetu anayeimba katika kwaya na akifika nyumbani analala na viatu kwa sababu hawezi kuvivua. Anataka kujua kama wimbo wake ni uongo.

Wacha nitumie biashara, maana ndiyo niliyosomea. Kampuni inaweza kuwa na ardhi, majengo na mashine, na Ijumaa ikakosa pesa za kulipa vibarua. Mhasibu hawezi kuandika kwamba kampuni haina mali. Anaandika kwamba haina pesa taslimu, na hayo ni mambo mawili tofauti. Unaweza kuwa na hati ya shamba la Kitengela na huna nauli ya matatu kwenda kuliona. Hati haifutiki kwa sababu mfuko ni mtupu. Hisia zangu ni pesa za mfukoni: zinaingia, zinatoka, na kwa mtu mwenye ugonjwa wangu zinatoka bila kuaga. Tumaini la Mkristo ni hati. Limeandikwa mahali pengine, na aliyeliandika si mimi. Yesu alifufuka siku ya tatu, na jambo hilo lilikwisha kutendeka kabla sijazaliwa. Halipandi wala kushuka kulingana na chumvi iliyo katika damu yangu.

Nitoe mfano wa mtu aliyeishi hivyo. Watu wengi wanaujua ule wimbo wa chemchemi iliyojaa damu. Mtunzi wake ni Mwingereza, William Cowper, ambaye jina lake husomwa Kuper. Alizaliwa mwaka 1731 na mama yake akafa yeye akiwa na miaka 6. Mwaka 1763, akingojea kuhojiwa kwa ajili ya kazi ya ukarani bungeni, akili ilimvunjika akajaribu kujiua. Alipelekwa St Albans kwa daktari Nathaniel Cotton, aliyekuwa na nyumba ya wagonjwa wa akili, na humo, mwaka 1764, akiwa amefungua Warumi sura ya 3, akampokea Kristo. Tazameni mahali alipookoka: hospitali ya akili, chini ya uangalizi wa daktari.

Baadaye alihamia mji mdogo wa Olney, ambako mchungaji alikuwa John Newton, yule nahodha wa zamani wa meli za watumwa. Wakaanza kutunga nyimbo pamoja. Lakini mwaka 1773 Cowper alianguka tena. Aliota ndoto, akasikia neno lililomwambia kwamba kwake yeye mambo yamekwisha, Mungu amemkataa. Aliliamini. Tangu hapo hakuingia tena kanisani kusali. Aliishi miaka 27 zaidi, akafuga sungura, akatafsiri mashairi ya kale ya Kiyunani, akaandika mashairi ya kupinga biashara ya kuwauza Waafrika wenzetu, na kadiri tunavyojua kutokana na maandishi yake, akafa mwaka 1800 bila kurudishiwa ile hisia ya kupendwa na Mungu.

Kitabu cha nyimbo zao kilichapishwa mwaka 1779. Hesabuni wenyewe. Miaka 6 tayari alikuwa hakanyagi kanisani. Watu wa Olney walikuwa wanaimba tumaini kwa maneno yake, na yeye yuko nyumbani ameamini kwamba maneno hayo si yake. Swali: je, wimbo ulikuwa uongo? Kama tumaini ni hisia, basi ndiyo, ulikuwa uongo, na kila mtu aliyeuimba akifa alidanganywa. Mimi siamini hivyo. Naamini Cowper alikosea kuhusu Cowper na alisema kweli kuhusu Kristo. Mgonjwa anaweza kuwa shahidi mzuri wa Yesu na hakimu mbaya wa kesi yake mwenyewe.

Na sisi Wapentekoste tuitazame ile ndoto kwa makini zaidi kuliko wengine. Tunapenda ndoto na tunapenda sauti. Sauti iliyomhukumu Cowper ilikuja kwa uhakika mkubwa sana, na uhakika huo ndio uliomponza. Yohana anatuonya tuzipime roho, 1 Yohana 4:1. Sauti inayomwambia mtu aliyekombolewa kwamba damu haimtoshi, hata ikija saa 8 usiku na jina lako ikikuita, haijatoka kwa Mchungaji Mwema.

Lakini mtu aliye chini kabisa anaweza kunijibu: "Pasta, hati ni sawa, imewekwa mahali salama. Mimi usiku huu inanisaidia nini, kama siwezi hata kuikumbuka?" Ni pingamizi la haki. Nimelala kitandani nikiwaza hivyohivyo, na sijawahi kulijibu kwa kufikiri. Lilijibiwa na watu.

Fungueni Marko 2. Mtu aliyepooza analetwa na watu wanne, mlango umejaa, wanapanda darini, wanatoboa. Mstari wa 5 unasema Yesu aliona imani. Imani ya nani? Yao. Marko hatuambii kama aliyelala kwenye godoro aliamini, au alitilia shaka, au alikuwa amechoka tu na mambo ya kubebwa. Labda alisema, "Jamani, nirudisheni nyumbani." Waliamini kwa niaba yake mpaka akafika miguuni pa Yesu.

Wenye Sacco mnalijua jambo hili. Ukienda kuomba mkopo na akiba yako haitoshi, unatafuta wadhamini. Mdhamini anaweka chake pale ambapo chako hakifiki. Waebrania 7:22 inamwita Yesu kwa neno hilohilo, mdhamini. Yeye ndiye wa kwanza na wa mwisho. Lakini nadhani anatutuma na sisi tukadhaminiane, na huduma hii si ndogo. (Wadhamini wa Sacco, ukichelewa mwezi mmoja, wanaanza kukupigia simu saa 12 asubuhi. Tusiige sehemu hiyo.)

Nikiwa wodini, rafiki yangu tuliyesoma naye alikuja kila Alhamisi. Si mtu wa maneno mengi ya kiroho. Hata kanisani alikuwa anakaa viti vya nyuma. Alileta chapati kwenye gazeti, akaketi, akasoma zaburi moja, akaenda. Siku moja akasoma ya 88. Ni zaburi ya Hemani, na kama mnavyoona, haina kile kigeuko cha mwisho tulichozoea. Mtunzi analia mchana na usiku, marafiki wamewekwa mbali naye, na neno la mwisho ni giza. Nikamuuliza, "Hiyo iko ndani ya Bibilia?" Akanionyesha ukurasa. Sikuhisi furaha. Nilihisi tu kwamba niliko, kuna mtu aliwahi kufika akiwa bado anaongea na Mungu, na Israeli wakamwimba hekaluni badala ya kumtoa nje. Rafiki yangu hakuniuliza hata siku moja kama nimejisikia vizuri. Aliniambia Alhamisi ijayo atakuja, na akaja.

Sasa linganisheni na yale tunayowafanyia wagonjwa mara nyingi. "Sema nimepona! Kiri ushindi! Kataa hiyo roho!" Najua tunasema kwa upendo. Lakini unamdai deni mtu ambaye umeenda kumdhamini. Mgonjwa wa huzuni nzito akishindwa kukiri, anaongeza dhambi nyingine juu ya orodha yake: hata imani nimekosa. Kama kuna kukiri kwa kufanywa kando ya kitanda hicho, kifanye wewe uliye na nguvu. Sema kwa sauti yako: "Mimi naamini kwa ajili yako leo. Wewe lala." Na dawa za mtu usiziguse. Kuacha ghafla dawa kama yangu kunaweza kumrudisha mgonjwa pabaya kuliko alikotoka. Ushuhuda wa kuponywa kabisa tunaupokea kwa shangwe. Daktari aliyeandika dawa na aushuhudie pia, kama wenye ukoma walivyotumwa wajionyeshe kwa makuhani katika Luka 17.

Kuhusu wanaofikiria kufa, niseme polepole. Eliya, baada ya ushindi wa Karmeli, aliketi chini ya mti jangwani akaomba afe, 1 Wafalme 19. Mungu hakumkemea. Alimpa usingizi, mkate wa moto na maji, mara mbili, kabla ya kumuuliza lolote. Nchi yetu ilikuwa na jibu jingine. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, mpaka Januari 2025 Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Watu walikuwa wanaficha kwa kuogopa polisi. Ikiwa wewe ndiye, usingoje Jumapili. Mwambie mtu mmoja leo, nenda hospitali iliyo karibu, au piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, haitozwi pesa. Nipigie mimi pia, saa yoyote. Ukiona mwenzako anaaga watu na kugawa vitu vyake, muulize moja kwa moja. Kuuliza hakumpandikizii wazo; kunampa nafasi ya kusema.

Mtaani bado mtu akikasirika anakuambia "wewe ni wa Mathari," kana kwamba hospitali ile, iliyoanza kuwapokea wagonjwa wa akili mwaka 1910, ni tusi. Ndani ya kanisa hili neno hilo lisisikike. Huwezi kujua ni nani ameketi nyuma yako. Kuna wakati aliyeketi nyuma yako alikuwa mimi.

Mzee wangu, ulitaka kujua ni nini kinanishikilia. Tembe zinashikilia usingizi wangu. Kristo ananishikilia mimi, na siku ambazo simsikii, ananishikilia kwa mikono ya mke wangu, ya mama, ya yule rafiki wa chapati, na yako pia, kwa sababu nakumbuka mwezi Mei uliomba kwa ajili yangu bila kujua naumwa nini.

Nina ombi moja la wiki hii. Ndugu yetu mmoja amelazwa, na familia imeruhusu tuwaambie kwamba ni ugonjwa wa akili na kwamba angependa kuona watu. Tutaenda wawili wawili, kuanzia Jumanne, saa ya kutembelea wagonjwa, dakika 30 na si zaidi. Mafuta ya upako nitabeba mimi, na nitayatumia akikubali. Nyinyi bebeni matunda, na zaburi moja fupi. Karatasi ya kuandikisha majina iko kwa katibu wa kanisa. Kufikia jana jioni Alhamisi ilikuwa bado haina mtu.